NANI MWENYE PAA?



Mwaka fulani, wakati wa mvua, mama mjane mmoja wa kanisa letu alinitumia mtoto wake asubuhi mapema. "Baba Pasta, mama anasema ukuye uone." Nikaenda naye. Mama huyu anakaa katika nyumba ya etaji, yaani nyumba ya ghorofa, ya jamaa sita: tatu chini, tatu juu. Zamani nyumba ile ilikuwa mali ya kampuni moja. Kisha kampuni iliwauzia wafanyakazi wake, kila mmoja apartema yake, na marehemu mume wake akapata ile ya juu, upande wa kushoto.

Nilipoingia, nilikuta mabeseni matano yamepangwa chini ya plafo. Watoto walikuwa wamelala wote fasi moja, karibu na mlango, sababu pale tu njo palikuwa pakavu.

"Baba Pasta," akaniambia, "nilienda kwa majirani wa chini. Nikawaomba tuchange, tununue manjanja mapya. Wakanijibu: 'Mama, manjanja ni yako, weye njo unakala juu. Shiye huku chini hatuna neno.' Na sasa shemeji zangu wanasema nyumba inaoza, tuiuze upesi kabla haijaanguka. Nikitoka hapa, nitaenda wapi na watoto?"

Nikashuka ili niongee na wale wa chini. Na huko nikakuta jambo lingine. Fosi ya choo ilikuwa imejaa. Maji machafu yalipita nyuma ya nyumba, mbele ya madirisha yao. Wao nao walikuwa wamewaomba watu wa juu wachange kuitoa. Na wa juu walijibu nini? "Fosi iko kwenu ku chini. Mufanye benyewe."

Umeona, ndugu? Wa chini wanasema paa si yetu. Wa juu wanasema fosi si yetu. Nikapanda tena ngazi katika giza, kwa maana taa yake ilikufa miaka miwili iliyopita. Nikatafuta chuma cha kushikia, nikakuta kimeng'olewa. Nikauliza, "Nani alikitoa?" Hakuna anayejua. "Nani atakirudisha?" Kimya.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma na kuuliza ginsi watu wa nchi zingine wanavyokaa katika nyumba kama hizi. Neno nililolipata ni hili: ukinunua apartema, hukununua vyumba vyako tu. Umenunua pia kipande cha paa, kipande cha ngazi na kipande cha fosi. Anayekataa kipande hicho anabomoa hata vyumba vyake mwenyewe.

KAMPUNI ILIKUWA BABA NA MAMA

Kwanza tujiulize: ugonjwa huu wetu ulitoka wapi? Sisi watu wa Katanga tulikulia katika kambi. Tangu miaka ya 1920 Union Minière ilitaka mfanyakazi akae na bibi na watoto karibu na kazi, si kuja miezi michache na kurudi kijijini. Ndiyo sababu ilijenga kambi za matofali. Serikali ilipochukua kampuni ile mwaka wa 1967, mpaka ikaja kuitwa Gécamines, desturi iliendelea. Bati likitoboka, baba alienda ku biro, akaandikisha namba ya nyumba, na fundi akakuja. Rangi, mifereji, takataka, vyote vilikuwa kazi ya kampuni.

Wazee wanakumbuka nyakati zile kwa machozi, na wana haki. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hatukujifunza: kutunza pamoja kile kilicho cha wote. Hatukuwa na haja nalo.

Kisha mambo yakabadilika. Mwezi wa 9 wa mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulianguka, na miaka iliyofuata kazi ilipunguka sana. Mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa mupango wa kujitolea. Fundi wa kampuni aliacha kuja. Na sisi tukaendelea kumngojea.

Jirani zetu wa Zambia walipita njia hiyo hiyo. Kuanzia mwaka 1996 serikali yao iliamua kuwauzia watu nyumba za miji na za makampuni walimokuwa wakikaa, hata kule Copperbelt. Mwenye kununua nyumba yenye lupango lake alijua mpaka wake ni wapi. Lakini mwenye kununua apartema, mpaka wake uko wapi? Juu ya hiyo Zambia ilikuwa imekwisha kutunga sheria mwaka 1994, ili wenye apartema katika jengo moja wawe shirika moja mbele ya sheria.

WAFARANSA WALIGAWA MPAKA NGAZI

Sheria ya raia ya Ufaransa ya mwaka 1804, katika kifungu cha 664, iliwafikiria watu wanaomiliki etaji mbalimbali za nyumba moja. Ilisema nini? Kuta kubwa na paa, wote wanalipa, kila mtu kadiri ya thamani ya etaji yake. Sakafu unayoikanyaga, unalipa wewe mwenyewe. Na ngazi? Mtu wa etaji ya kwanza anatengeneza ile inayomfikisha kwake. Mtu wa etaji ya pili anaendeleza kutoka pale mpaka kwake.

Msomaji, angalia vizuri. Zaidi ya miaka 200 iliyopita, kesi ya mama yetu mjane ilikuwa imekwisha kukatwa: paa si la mtu wa juu peke yake. Linamfunika hata mtu wa chini, kwa maana mvua ikimaliza etaji ya juu, itashuka.

Baadaye miji ilikuwa mikubwa, na majengo yakawa ya jamaa 50 au 100. Ufaransa ikatunga sheria nyingine mwaka 1938, kisha ile ya tarehe 10 Julai 1965 ambayo inatumika mpaka leo pamoja na marekebisho yake. Wanaita mupango huo kopropriete. Nitakueleza kwa ufupi.

Kila mwenye apartema ana vitu viwili visivyotengana: vyumba vyake, na sehemu yake katika vile vya wote. Hawezi kuuza kimoja na kubaki na kingine. Jengo lote linahesabiwa, tuseme, kama sehemu 1,000. Apartema kubwa inaweza kuwa na sehemu 200, ndogo 100. Paa likihitaji dola 3,000, mwenye 200 analipa dola 600, mwenye 100 analipa dola 300. Na wakati wa kupiga kura, kila mtu ana nguvu kadiri ya sehemu zake.

Wenyewe wote wanakutana mara moja kwa mwaka au zaidi. Wanachagua msimamizi, wanamwita sindike. Anaweza kuwa mtu wa kazi hiyo anayelipwa, au mmoja wao. Yeye anakusanya pesa, anaita mafundi, na anatoa hesabu mbele ya wote. Hachaguliwi kwa maisha: muda wake hauzidi miaka 3, kisha wapige kura tena. Na tangu mwaka 2017, majengo mengi ya namna hii yanalazimishwa kuweka akiba kila mwaka kwa ajili ya matengenezo makubwa, hata kama hakuna kilichoharibika.

Ubelgiji nao walitunga sheria yao mwaka 1924, na mwaka 1994 wakaongeza kwamba shirika la wenyewe ni kama mtu mbele ya sheria: linaweza kushitaki na kushitakiwa.

NJIA ZINGINE TATU

Usifikiri kwamba njia ni moja tu.

Kule Uswidi, jamaa nyingi hawamiliki apartema yenyewe. Jengo lote ni mali ya ushirika. Wewe unanunua haki ya kukaa na unakuwa mwanamemba. Kila mwezi unalipa kitu kidogo, na hicho kinalipa deni la jengo na mafundi. Moja ya vyama vikubwa vya kazi hii, HSB, kilianza mwaka 1923.

Kule Singapore, Leta njo mujenzi mukubwa. Ofisi yao ya nyumba, HDB, ilianza mwaka 1960. Leo karibu watu 8 kwa 10 wanakaa katika majengo yake. Wengi wamenunua, lakini wanachonunua ni haki ya miaka 99. Udongo unabaki wa Leta. Na ngazi, taa na mashini ya kupandisha watu? Tangu sheria ya mwaka 1988 kuna mabaraza ya mitaa. Kila jamaa inalipa mchango wa mwezi, na sehemu moja inawekwa katika akiba ya kazi kubwa.

Kule Vienna, mji mkuu wa Austria, mwenyewe ni mji. Mji unapangisha apartema karibu 220,000. Jengo moja lao, Karl-Marx-Hof, lilifunguliwa mwaka 1930 likiwa na apartema zaidi ya 1,300, pamoja na fasi za kufulia nguo na shule za watoto wadogo. Mpangaji hamiliki kitu, lakini hafukuzwi ovyo, na anajua mlango wa kugonga mfereji ukipasuka.

Linganisha nchi hizi. Mwenyewe ni mwingine na mwingine: mtu, ushirika, Leta, mji. Lakini vitu vinne havikosekani kwa yeyote: karatasi inayoonyesha nani ana nini, sanduku la pesa, mkutano au baraza, na msimamizi anayetoa hesabu. Ondoa kimoja, nyumba inaanza kulia.

FASI WALIPOSEMA "TUTAANGALIA MWAKANI"

Urusi ilifanya kama kampuni zetu, lakini kwa nchi nzima. Sheria ya mwaka 1991 iliwaruhusu watu kuchukua bure apartema za Leta walizokuwa wakikaa. Watu walifurahi, wakatengeneza vyumba vyao vizuri. Lakini ngazi na paa? Nje ya mlango wake, kila mmoja aliona bado ni mambo ya Leta. Majengo mengi yakachakaa. Ilibidi sheria iliyoanza kutumika mwaka 2005 iwaambie wenyewe wachague: mtasimamia pamoja, au mtaajiri kampuni ya kusimamia? Na tangu mwaka 2012 kukaja sheria ya malipo ya kila mwezi kwa ajili ya matengenezo makubwa.

Hata Ufaransa, pamoja na sheria yake nzuri, ililia. Tarehe 5 Novemba 2018, katika barabara ya Aubagne mjini Marseille, nyumba mbili za zamani zilianguka. Watu 8 walikufa. Wote walikuwa katika nyumba namba 65, iliyokuwa ya wenyewe wengi. Sheria ilikuwepo, nyufa nazo zilikuwepo.

Na usiseme, "Hayo ni ya masikini." Huko Surfside, Florida, katika Marekani, kando ya bahari, kulikuwa na jengo la etaji 12 la watu wenye pesa, Champlain Towers South. Lilijengwa mwaka 1981. Mwaka 2018 fundi mwenye elimu aliandika kwamba kuna uharibifu mukubwa katika beto, na kazi itagharimu mamilioni ya dola. Wenyewe wakabishana: ni bei kali, tungoje kidogo. Wakuu kadhaa wa kamati wakaacha kazi. Mpaka mwaka 2021 hesabu ilikuwa imefika dola milioni 15, na kila jamaa iliambiwa kulipa zaidi ya dola 80,000. Mwishowe walikubali. Lakini usiku wa tarehe 24 Juni 2021, kabla kazi kubwa haijafanyika, sehemu kubwa ya jengo ilianguka watu wakiwa wamelala. Walikufa 98.

Mwaka uliofuata jimbo lile lilitunga sheria mpya: majengo ya namna hii yenye etaji 3 na zaidi yakaguliwe yakizeeka, na akiba ya paa na nguzo isifutwe tena kwa kura ya wenyewe. Sheria ile ni nzuri, lakini wale 98 hawataiona.

KWETU CONGO: ANGALIA KARATASI YAKO

Kwetu, sheria ya mwaka 1973 inasema udongo wote ni wa Leta. Mtu anapewa haki juu yake, na karatasi yenye nguvu ni sertifika ya kuandikishwa, ile inayotolewa na konservateri wa hati za udongo. Karatasi ya kampuni inayosema "umeuziwa" ni mwanzo mzuri, lakini si mwisho wa safari. Ndugu, fungua sanduku lako leo. Una karatasi gani? Inasema nini juu ya ngazi, paa na lupango? Kama haisemi kitu, andikeni ninyi wenye nyumba, mukiwa pamoja, na mutie sahihi mbele ya mtu wa sheria.

Wewe unayepanga, jua pia haki yako: sheria ya mwaka 2015 juu ya kupangisha nyumba za kukaa inasema garanti isipite miezi 3. Na ninyi mashemeji, mujue kwamba Kanuni ya Jamaa ya mwaka 1987 inamlinda mjane katika nyumba aliyokaa na mume wake. Nyumba kuvuja si sababu ya kumtoa.

YALE SITA

Sasa utauliza: ilikuwaje kwa mama yetu?

Tulikutana siku ya posho, saa kumi, chini ya mti wa embe nyuma ya nyumba. Sikuhubiri. Niliwaomba tu tutembee pamoja. Wa juu wakashuka kuona fosi, wakafunika pua. Wa chini wakapanda kuona mabeseni. Papa mmoja wa chini akanyamaza muda murefu, kisha akasema: "Miye sikujua kama ni hivi." Alikuwa amekaa pale miaka tisa, na hakuwa amepanda ngazi ile hata mara moja.

Tukanunua daftari. Kwa kuwa apartema zote sita ni sawa, tuligawa sawa, sehemu moja kwa sita. Sanduku likapewa kufuli mbili: funguo moja kwa mtu wa juu, nyingine kwa mtu wa chini. Mama mmoja, mwalimu, akachaguliwa kuandika. Kila mwisho wa mwezi anasoma hesabu kwa sauti, hata ya makuta.

Tulianza na fosi, kwa maana inaleta magonjwa. Kisha paa, nusu mwaka ule, nusu mwaka uliofuata. Sitakudanganya: mmoja kati ya sita alikataa kulipa, na mpaka leo hajamaliza. Wengine walitaka tumfungie maji. Tulikataa, kwa maana ana watoto. Lakini jina lake liko katika daftari, na deni lake pia, na siku akitaka kuuza, deni litakuwa mezani. Mjane bado yuko pale. Besini moja limebaki, si matano. Na shemeji zake hawazungumzi tena kuuza.

Kitu cha mwisho tulichorudisha ni chuma cha ngazi. Siku fundi alipokichomelea, nilifikiri juu ya Kumbukumbu la Torati 22:8. Pale Mungu anamwagiza mwenye kujenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka paa, ili mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba ile. Ukingo ule haukuwa wa kumlinda mwenye nyumba tu. Ulikuwa wa kumlinda yeyote atakayepanda: mgeni, mtoto wa jirani, hata yule asiyelipa.

Ndugu msomaji, leo jioni ukirudi nyumbani, usiingie moja kwa moja chumbani. Simama kidogo ngazini. Angalia juu, angalia chini. Kisha gonga mlango wa jirani.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika nyumba au lupango letu, ni kitu gani kila mtu anatumia na hakuna anayekitunza?

2. Karatasi ya nyumba yetu iko wapi, na iko katika jina la nani? Baba akifa leo, mama na watoto watakuwa na nini mikononi?

3. Vijana: ni kazi gani ndogo munaweza kuifanya wiki hii bila kungoja wazee? Taa ya ngazi? Mfereji wa maji ya mvua?

4. Kama tungekuwa na sanduku lenye kufuli mbili, funguo ya pili tungempa nani?